Jaribio la Tano na Mchezaji wa Kumi na Mbili: sheria za futiboli ya vyuo Marekani na watu wanaozisimamia

Tarehe 10 Septemba 2016, mjini Stillwater, jimbo la Oklahoma, wenyeji Oklahoma State walikuwa wakiongoza 27–24 dhidi ya Central Michigan. Zilibaki sekunde nne na mpira ulikuwa wao. Kazi ilikuwa moja tu: kuziua zile sekunde nne. Kwotabeki wao, yule anayeongoza mashambulizi na kuurusha mpira, akaupokea, akavuta muda nao, kisha akaurusha mbali, mahali ambapo hakukuwa na mwenzake hata mmoja. Saa ikasoma sifuri.

Lakini chini kwenye nyasi palikuwa na kitambaa cha njano.

Kuutupa mpira ovyo mahali pasipo na mdakaji ni faulo, na waamuzi waliiona vizuri kabisa. Wakakaa kikao kifupi, wakaamua kwamba mechi haiwezi kumalizika juu ya faulo, hivyo Central Michigan wapewe jaribio moja la mwisho, yaani zamu moja ya kuucheza mpira, bila saa. Wageni hawakuhitaji zaidi ya hilo. Mpira ukarushwa mbali, mmoja akaudaka karibu na mstari wa goli, na wakati walinzi wanamvuta chini akampa mwenzake aliyekuwa anapita mbio. Huyo akakatiza uwanja na kuingia. 30–27.

Shida ni kwamba mechi ilikuwa imeshakwisha. Sheria inasema kipindi huongezwa jaribio moja ikiwa faulo imetokea muda ukimalizika, ila haiongezwi pale adhabu ya faulo hiyo inapojumuisha kupoteza jaribio. Na adhabu ya kutupa mpira ovyo ndiyo hiyo hasa. Mid-American Conference, konferensi (muungano wa vyuo) iliyowatuma waamuzi wale, ilikiri kosa siku hiyohiyo na ikawafungia. Konferensi ya wenyeji, Big 12, nayo ikawafungia waamuzi wake wa video, kwa sababu walikuwa na nafasi ya kusimamisha mechi na kuwakumbusha wenzao wa chini, wakanyamaza. Matokeo hayakubadilishwa.

Nimeanza na mechi hii kwa sababu inaonyesha mahali ugumu ulipo. Sisi tuliokulia kwenye soka tumezoea kubishana kama refa ameona au hajaona. Akiona, yamekwisha: anapuliza kipenga, unapigwa mpira wa adhabu. Kwenye futiboli ya Kimarekani kuona ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni hesabu: faulo ilitokea kabla ya jaribio kuanza au likiendelea? Adhabu inapimwa kutoka wapi? Jaribio linarudiwa au linahesabiwa? Saa inasimama au inaendelea? Watu wa Stillwater walifaulu nusu ya kwanza, wakaanguka ya pili.

Na kwa nini sheria ziwe nyingi hivyo? Kwa maoni yangu, ukizisoma kama kitabu cha kanuni zitakuchosha. Zisome kama kumbukumbu za ujanja. Karibu kila kifungu cha ajabu kiliingizwa baada ya mtu fulani, siku fulani, kufanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kulikataza.

Majaribio manne yalitoka wapi

Kwanza msingi, haraka. Timu mbili za watu kumi na moja, uwanja wa yadi 100 kati ya mistari miwili ya goli, na nyuma ya kila mstari eneo la yadi 10. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu, inahesabiwa upya kuanzia la kwanza. Ikishindwa, mpira unahamia kwa wapinzani. Kila jaribio linaanza mpira ukiwa umetulia chini na linakwisha mwenye mpira anapoangushwa, anapotoka nje, au mpira uliorushwa unapogusa ardhi bila kudakwa. Kuufikisha mpira kwenye eneo la mwisho la wapinzani ni tachidauni, pointi 6. Kuupiga teke ukapita kati ya nguzo ni pointi 3. Kuangushwa na mpira ndani ya eneo lako mwenyewe kunawapa wapinzani pointi 2.

Haya mambo ya majaribio hayakuwapo mwanzoni. Mchezo huu ulizaliwa vyuoni, ukichota kwenye soka na raga, na kwa muda hakukuwa na kitu kinachoilazimisha timu kuuachia mpira. Mwaka 1881 Princeton walikutana na Yale. Princeton wakaushikilia mpira kipindi chote cha kwanza bila nia yoyote ya kwenda mbele. Yale, nao si wajinga, wakafanya vilevile kipindi chote cha pili. Mechi ikaisha 0–0, na hakuna sheria iliyovunjwa. Watazamaji ndio waliovunjika moyo.

Mwaka uliofuata, kwa msukumo wa Walter Camp wa Yale, ikapitishwa kwamba timu ina majaribio matatu ya kusogea yadi tano, la sivyo iutoe mpira. Ili kupima yadi tano ikabidi uwanja uchorwe mistari kutoka upande hadi upande, na ndiyo sababu Wamarekani mpaka leo wanauita uwanja huo kwa jina la wavu wa kuchomea nyama. Yadi zikaongezwa kuwa kumi mwaka 1906, na jaribio la nne likaja 1912. Mwaka huohuo wa 1906 ndipo iliporuhusiwa kuurusha mpira mbele kwa mkono, baada ya vifo vya wachezaji kumfanya Rais Theodore Roosevelt aite wakuu wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu mwaka uliotangulia. Kutokana na mtikisiko huo kikaundwa chombo ambacho tangu 1910 kinaitwa NCAA, na ndicho kinachotunga sheria za futiboli ya vyuo hadi leo.

Wanane, na kila mmoja na eneo lake

NCAA inatunga sheria, lakini waamuzi wanaajiriwa na konferensi, yaani miungano ya vyuo kama Big Ten, SEC au ile ya Stillwater. Wengi si waamuzi wa kutwa. Ni walimu, mawakili, watu wa bima, ambao Ijumaa wanapanda ndege, Jumamosi wanapigiwa kelele na watu elfu themanini, na Jumatatu wako kazini.

Kwenye ngazi ya juu ya vyuo wanakuwa wanane. Ligi ya kulipwa, NFL, inatumia saba. Huyu wa nane alianza kujaribiwa Big 12 mwaka 2013, kwa sababu timu za vyuo zilikuwa zimeanza kucheza kwa kasi mno, jaribio moja halijapoa linaanza jingine, na ikahitajika mtu wa kuuweka mpira mahali pake haraka. Refa mkuu utamjua kwa kofia nyeupe. Wenzake wana nyeusi. Ndiye mwenye maikrofoni, ndiye anayetangaza adhabu. Anasimama nyuma ya kwotabeki na anamlinda: mpira ukisharuka angani watu wote uwanjani wanaufuata kwa macho, yeye anabaki anamtazama aliyeurusha, maana hapo ndipo mtu hupigwa dafrao la chinichini. Mwingine anasimama upande wa pili, nyuma ya safu ya walinzi, akitazama mikono ya yale majitu ya mbele yanayosukumana. Wawili wako pembeni, sambamba na mstari wa kuanzia, kama washika vibendera wetu, wakitazama nani amevuka mapema. Watatu wako mbali nyuma kwa ajili ya wadakaji na wanaowakaba.

Kwa hiyo shabiki anapopiga yowe kwamba faulo imefanyika mbele ya macho ya mwamuzi na hakurusha kitambaa, mara nyingi mwamuzi yule alikuwa anatazama kitu kingine alichopangiwa. Kuufuata mpira kwa macho ni kosa la mwamuzi mchanga.

Vifaa vyao vina lugha yake. Kitambaa cha njano ni faulo. Kifuko kidogo kinachotupwa chini si faulo. Kinaweka alama ya mahali mpira ulipomponyoka mtu au ulipodakwa baada ya teke, kwa sababu huenda mahali hapo pakahitajika kwenye hesabu. Mwamuzi akivua kofia na kuitupa, amemwona mdakaji akitoka nje ya mstari mwenyewe na anaweka kumbukumbu, maana mtu huyo akirudi na kuwa wa kwanza kuugusa mpira uliorushwa, ni faulo. Kitambaa chenyewe kina historia ndogo tamu. Zamani waamuzi walipuliza baragumu kuashiria faulo, na kwenye kelele za jukwaani hakuna aliyezisikia. Mwaka 1941 kocha Dwight Beede wa chuo cha Youngstown, Ohio, akaomba vitumike vitambaa, na mke wake Irma akavishona.

Halafu kuna kile kipande cha lastiki. Ukimtazama mwamuzi mkononi utaona lastiki imezunguka vidole vyake. Jaribio la kwanza iko kidole cha shahada, la pili inahamia cha kati, na kuendelea. Mtu mzima anahesabu mpaka nne kwa lastiki? Ndiyo, na ana sababu.

Novemba 1940, Cornell ambao hawakuwa wamefungwa katika mechi 18 walikuwa nyuma 0–3 mbele ya Dartmouth. Dakika za lala salama wakafunga tachidauni, wakashinda 7–3. Filamu ilipotazamwa baadaye ikaonekana tachidauni ile ilipatikana kwenye jaribio la tano. Refa alikuwa amepotea hesabu. Cornell wakawapelekea Dartmouth simu ya maandishi kuwaachia ushindi, na matokeo yakaandikwa 3–0.

Miaka hamsini baadaye, 6 Oktoba 1990, Colorado wakiwa ugenini Missouri wakapewa jaribio la tano vilevile. Baada ya jaribio la pili Colorado waliomba mapumziko, na kibao cha pembeni kinachoonyesha ni jaribio la ngapi hakikubadilishwa namba. Kwenye jaribio la nne la kweli kwotabeki aliugongesha mpira chini makusudi ili saa isimame, akiamini ana jingine mkononi. Akapewa kweli, akajipenyeza, 33–31. Colorado hawakurudisha ushindi. Mwisho wa msimu wakawa mabingwa kwenye kura ya shirika la habari la Associated Press. Sitahukumu kati ya Cornell na Colorado, ingawa msomaji ameshahukumu.

Adhabu unayoweza kuikataa

Jambo linalowachanganya wageni wengi ni kwamba timu iliyotendewa faulo inaulizwa: mnaitaka adhabu au hamuitaki?

Chukua mfano. Wenye mpira wako jaribio la tatu na wamebakiza yadi 8. Wanakimbia, wanapata yadi 5, lakini mmoja wao amemshika mlinzi jezi, faulo ya yadi 10. Timu inayolinda ikiikubali adhabu, matokeo ya jaribio yanafutwa, wapinzani wanarudishwa nyuma na kucheza jaribio la tatu upya, sasa wakitafuta yadi 18. Ikiikataa, yadi 5 zinabaki na linakuja jaribio la nne wakitafuta 3. Kocha afanye nini? Wengi wataikataa, kwa sababu jaribio la nne kwa kawaida watu huupiga mpira mbali na kuuachia. Lakini kama wapinzani wana mkimbiaji mkorofi wa yadi 3, pengine bora kuwasukuma nyuma. Ni ile faida ya kwenye soka, ila uamuzi uko benchi la ufundi, si kwa refa.

Adhabu nyingi ni za yadi 5, 10 au 15: tano kwa utovu wa utaratibu kama kuanza mapema au kuzidisha wachezaji, kumi kwa kushika, kumi na tano kwa hatari na utovu wa nidhamu. Hizo utazizoea baada ya mechi mbili.

Kinachozua ubishi zaidi ni watu waliojifunza mchezo kwa kutazama NFL. Chuoni mdakaji anatakiwa kuweka mguu mmoja tu ndani ya mstari. NFL anatakiwa miwili. Chuoni mwenye mpira akiteleza na goti likagusa chini, jaribio limekwisha hata kama hakuguswa na mtu. NFL anaweza kuinuka akaendelea. Kumzuia mdakaji asifikie mpira, kwenye NFL, kunaweza kuwagharimu walinzi yadi zote hadi pale kosa lilipotokea, hata arobaini. Chuoni haizidi 15. Matokeo yake, mlinzi wa chuo aliyeachwa nyuma kabisa anaweza kuona ni nafuu amvute mdakaji makusudi kuliko kumwachia tachidauni. Hapa naona sheria ya vyuo imeacha dirisha wazi.

Kulenga kichwa

Hakuna sheria inayochukiwa kama hii, na hakuna ninayoielewa sababu yake vizuri zaidi. Inakataza mambo mawili: kumpiga mpinzani yeyote kwa utosi wa helmeti, na kumpiga kwa nguvu kichwani au shingoni mtu asiyeweza kujikinga, kama mdakaji aliye hewani. Mwaka 2008 ilikuwa ni yadi 15 tu. Kuanzia 2013 ikawa mkosaji anatolewa nje, na kosa lilipotokea kipindi cha pili alikosa pia kipindi cha kwanza cha mechi iliyofuata.

Msimu ule wa 2013 ulikuwa na kichekesho kichungu. Marudio ya video yangeweza kufuta kutolewa kwa mchezaji, lakini yadi 15 zilibaki palepale. Yaani: samahani, hukufanya kosa, ila adhabu yake lipeni. Mwaka 2014 wakairekebisha. Kwenye video kwa kawaida kuna majibu matatu: uamuzi umethibitishwa, umepinduliwa, au unabaki kwa kukosa ushahidi usio na shaka. Kwa kosa la kulenga, tangu 2019 jibu la tatu limeondolewa. Lithibitishwe lote au lifutwe. Mtu hatolewi nje kwa sababu ya picha yenye ukungu.

Big Ten ndio walioanza kujaribu video mwaka 2004, na sasa mtu aliye kule juu kibandani anatazama kila jaribio bila kuombwa. Lakini hana ruhusa ya kutafuta faulo zote. Kushikana jezi, kwa mfano, si kazi yake. Lisiloonwa uwanjani limepita. Wangeruhusu hilo, mechi zisingekwisha.

Wajanja bado wapo

Tarehe 4 Desemba 2021, kwenye fainali ya konferensi ya ACC, kwotabeki Kenny Pickett wa Pittsburgh alichomoka na mpira. Sheria inasema kwotabeki akianza kuteleza kwa miguu mbele, jaribio limekwisha pale, na atakayempiga anapewa adhabu. Ni ya kuwakinga. Pickett akapinda magoti kama anayeanza kuteleza. Walinzi wa Wake Forest wakafunga breki. Naye akanyooka na kuendelea mpaka tachidauni ya yadi 58. Chenga ile ilipigwa kwa kutumia sheria yenyewe! Wiki haikuisha, waamuzi wakaelekezwa kwamba atakayejifanya anateleza apulizwe kipenga hapohapo.

Kisha 12 Oktoba 2024, mjini Eugene. Oregon wanaongoza 32–31, Ohio State wana mpira, jaribio la tatu, sekunde 10 zimebaki. Oregon wakaingiza mlinzi wa kumi na mbili. Mpira ukarushwa, haukudakwa, kitambaa kikaanguka. Adhabu: yadi tano. Lakini sekunde nne zilikuwa zimeshakwenda na hakuna kifungu kilichozirudisha. Ohio State wakabaki na sita, na zikawaishia mkononi kabla hawajapiga teke la ushindi. Alipoulizwa, kocha Dan Lanning hakukana; alisema ni hali waliyokuwa wameifanyia kazi. Alikuwa amepiga hesabu kwamba yadi tano ni bei rahisi kwa sekunde nne, na alikuwa sahihi.

Siku chache baadaye NCAA ikatoa tafsiri mpya: ndani ya dakika mbili za mwisho za kipindi, timu ya ulinzi ikicheza na watu kumi na wawili, waliotendewa wanaweza kudai saa irudishwe. Ikiwa yule wa kumi na mbili alikuwa anakimbilia nje na hakuathiri kitu, saa hairudi. Ona kulivyo: mstari mmoja wa ujanja, mistari mitatu ya sheria.

Timu hizo zilikutana tena Januari 1, 2025 kwenye Rose Bowl. Ohio State walishinda 41–21, na safari hiyo sekunde nne zisingemsaidia mtu.